Msaidizi wa kituo cha kura anapokuwa mpwa wa mgombea: naomba ushauri kabla ya tarehe 27 Novemba

Mwalimu wa Kitongojini (mtoa mada), 10 Novemba 2024

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Ninafundisha shule ya msingi katika kijiji kimoja cha mkoa wa Morogoro, kijiji ambacho ndiko nilikozaliwa na ndiko walikozikwa babu zangu. Mwezi uliopita, kuanzia tarehe 11 hadi 20, nilikuwa mwandikishaji wa wapiga kura katika kitongoji chetu kwa ajili ya uchaguzi wa serikali za mitaa, na sasa nimeombwa nikae kituoni kama msaidizi siku yenyewe ya kupiga kura, Jumatano ya tarehe 27.

Nikiri kwanza kwamba uandikishaji ulinifundisha mengi. Nilikaa siku kumi chini ya mwembe wa shule nikiwa na meza, kalamu na kitabu cha orodha, nikidhani kwamba kwa kuwa ninamjua kila mtu kazi itakuwa nyepesi. Siku ya kwanza tu walikuja wazee sita wakiwa na kadi za mpiga kura za Tume ya Uchaguzi, wakasema kwamba wao wameshaandikishwa na hawaoni sababu ya kurudia. Ikanibidi nieleze mara sita kwamba Daftari la Kudumu la Wapiga Kura ni la kuchagua Rais, wabunge na madiwani, na kwamba orodha hii ya kitongoji ni kitu kingine, kinasimamiwa na TAMISEMI, yaani Ofisi ya Rais ya Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa, na ambaye jina lake halimo hatamchagua mwenyekiti hata akija na kadi tatu. Baadaye wakaja vijana wanaofanya kazi Morogoro mjini na Dar es Salaam, wakidai kwamba kwao ni hapa. Masharti yanataka mpiga kura awe raia wa Tanzania, awe ametimiza miaka 18 na awe mkazi wa kitongoji. Hayasemi lolote kuhusu mahali kitovu chake kilipozikwa. Nilimkataa mtoto wa jirani yetu, na hadi leo mama yake ananiitikia salamu kwa mkato.

Sasa nifike kwenye jambo lililonileta hapa. Uteuzi wa wagombea ulifanyika juzi, tarehe 8, na mmoja wa walioteuliwa ni mjomba wangu, kaka yake mama, ambaye ndiye aliyenilipia ada ya sekondari baada ya baba kufariki. Hajaniomba lolote, na sidhani kama ataniomba. Hata hivyo, tangu habari za mimi kukaa kituoni zilipoenea, nimeanza kusikia vicheko kilabuni, na mtu mmoja ameniuliza mbele za watu kama kura za mjomba nitazihesabu mara moja au mara mbili.

Kuna jambo la pili. Bibi yangu mzaa mama ana mtoto wa jicho katika macho yote mawili, na kila karatasi inayoingia nyumbani kwake mimi ndiye ninayemsomea. Ameshasema kwamba siku hiyo nitamwekea alama mimi. Je, inaruhusiwa? Nikubali kazi hii au niikatae? Nitashukuru kupata majibu kutoka kwa watu ambao wamewahi kukaa kwenye meza hiyo.

Mtendaji Mstaafu

Mwalimu, umeuliza vizuri, ila umeacha neno moja ambalo majibu yote yanalitegemea: mjomba wako anagombea uenyekiti wa nini? Nilikuwa mtendaji wa kijiji kwa miaka mingi, na nimeona watu wakigombana siku nzima kuhusu undugu pasipo yeyote kuuliza swali hilo.

Kituo kinawekwa katika kitongoji, lakini mpiga kura anayeingia hapo anachagua viongozi wa ngazi mbili: mwenyekiti wa kijiji pamoja na wajumbe wa halmashauri ya kijiji, kundi la wanawake na kundi mchanganyiko, na kisha mwenyekiti wa kitongoji chake. Kura za mwenyekiti wa kitongoji huishia hapo hapo, kwa hiyo kama mjomba anagombea nafasi hiyo, unaweza kuomba uhamishiwe kituo cha kitongoji jirani na tatizo likaisha, maana jina lake halitakuwapo kwenye karatasi utakazozishika. Lakini kama anagombea uenyekiti wa kijiji, kukuhamisha ndani ya kijiji ni kukutoa chumbani na kukupeleka sebuleni, kwa sababu jina lake limo katika kila kituo na kura za vitongoji vyote zitajumlishwa pamoja. Hapo utahitaji kupelekwa kijiji kingine kabisa, au ubaki nyumbani ukiwa mpiga kura tu.

Ufahamu pia kwamba kuhama kuna gharama yake. Jina lako limo katika orodha ya kitongoji chako, na orodha hizi haziungani kama lile Daftari la Tume. Ukikaa kwenye meza ya kitongoji kingine kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 10 jioni, unaweza kuikosa kura yako mwenyewe, kwa hiyo uliza mapema kama utapewa nafasi ya kwenda kupiga kura na kurudi, na uulize kabla hujaapa.

Vyovyote itakavyokuwa, usilimalize jambo hili kwa maneno ya barabarani. Mwandikie barua msimamizi msaidizi wa uchaguzi, umweleze undugu wenu na uombe uhamisho, kisha ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Masharti ya uchaguzi yanaweka kamati ya rufani ya wilaya na kuna njia ya mahakama kwa asiyeridhika. Siku mtu atakapodai kwamba mpwa alimbeba mjomba, karatasi hiyo moja itasema zaidi ya mashahidi kumi wa ukoo wako.

Wapo watakaokwambia kwamba hizi ni kura ndogo zisizostahili barua. Hao hawajawahi kukaa katika mkutano mkuu wa kijiji ambao ardhi ya malisho inagawanywa. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji ndiyo inayosimamia ardhi yote ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji, na mwenyekiti ndiye anayetafutwa alfajiri na kila anayehitaji barua ya utambulisho, awe anaomba kitambulisho cha taifa au anakwenda kumwekea ndugu yake dhamana. Mbunge unaweza kumaliza miaka mitano hujamwona. Mwenyekiti wa kitongoji unapishana naye kisimani.

Mama Mjumbe

Ninamheshimu Mzee Mtendaji, lakini ninaona anatoa ushauri wa mtu aliyezoea ofisi. Mimi ni mjumbe wa halmashauri ya kijiji kupitia kundi la wanawake, na katika kitongoji chetu, ukitafuta mtu asiye na undugu, ukwe wala utani na mgombea yeyote, itabidi ukamtafute stendi ya mabasi. Tukisema kila mwenye ndugu ajiondoe, tutabaki na meza isiyo na mtu.

Mwaka 2014 ilitokea hivyo kwetu. Aliletwa kijana mgeni kutoka mbali, mpole na mwenye adabu, ambaye hakuna aliyeweza kumshutumu kwa upendeleo. Lakini hakumjua mtu hata mmoja. Mwanamke aliyeolewa kwetu akafika kituoni, ambaye kijiji kizima humwita kwa jina la mwanawe wa kwanza, na aliyemwandikisha alikuwa ameliandika jina hilo hilo la mtaani. Kitambulisho alichokuja nacho kilikuwa na jina la baba yake mzazi. Kijana akaona majina mawili yasiyofanana, akamrudisha. Kufika saa sita mchana walikuwa wamerudishwa wanawake saba, na mwanamume hata mmoja hakurudishwa, kwa sababu wanaume kwetu hawaitwi kwa majina ya watoto wao. Mwenyeji angeyatatua hayo kwa dakika moja, kwa kuwauliza mawakala wa vyama waliokaa pale kama wanamtambua, na wote wangejibu kwamba ndiye.

Kwa hiyo, mwanangu Mwalimu, kama wewe ndiye uliyeiandika orodha ile, kuondoka kwako kuna hasara ambayo Mzee hakuitaja. Wewe unajua ni nani aliandikwa kwa jina gani. Ushauri wangu ni kwamba, iwe utabaki au utahama, kaa na orodha hiyo sasa hivi, pamoja na atakayechukua nafasi yako, mpitie majina ya wanawake walioolewa mmoja mmoja. Na kituoni kila jina lisomwe kwa sauti inayowafikia mawakala wote. Watu hawawezi kuuona moyo wako, ila sauti yako wataisikia.

Kuhusu bibi, usimwekee alama. Asiyeona vizuri au asiyejua kusoma ana haki ya kuingia na mtu anayemwamini, lakini mtu huyo asiwe msimamizi wala msaidizi wa kituo, wala wakala wa chama. Ukimshikia kalamu bibi yako ukiwa umekaa kwenye meza ile, utakuwa umewapa waliocheka kilabuni wimbo wa miaka mitano.

Mtendaji Mstaafu

Mama Mjumbe amenikumbusha jambo la majina, na ninalikubali bila ubishi. Nilipokuwa kazini tuliandika orodha kwa kuiga tulivyozoea kuitana, tukavuna tulichopanda. Lakini narudia kwamba kumtambua mpiga kura na kuhesabu kura ni kazi mbili tofauti. Mwenyeji anafaa sana kwa kazi ya asubuhi. Jioni, sanduku linapofunguliwa na jina la mjomba linasomwa, ndipo uenyeji unapogeuka kuwa mzigo.

Niongeze tahadhari moja kuhusu mabalozi wa nyumba kumi. Wazee wengi bado wanaamini kwamba balozi ni sehemu ya serikali, kwa sababu katika enzi ya chama kimoja mambo hayo mawili hayakuwa na mpaka. Leo balozi ni kiongozi wa chama. Akija kituoni kupiga kura, mkaribishe kama mpiga kura mwingine yeyote; akija na daftari lake ili awatambue watu wake mlangoni, mwombe kwa heshima arudi nyumbani, na ufanye hivyo mawakala wakikuona.

Karani wa Voi

Nawasalimu kutoka Kenya. Nimesoma mjadala huu kwa hamu, kwa sababu huku kwetu mzee wa kijiji hapigiwi kura ya siri kama ilivyo kwenu, kwa hiyo shida ya mjomba kuwa kwenye karatasi ya kitongoji hatuna. Hata hivyo nilikuwa karani wa IEBC, tume ya uchaguzi ya huku kwetu, katika uchaguzi wa tarehe 9 Agosti 2022, katika shule niliyosomea mimi mwenyewe, na nusu ya waliopanga foleni walikuwa wamenibeba mgongoni nikiwa mtoto.

Kituo chetu, kama vingine vyote, hakikuruhusiwa kuzidi wapiga kura 700, lakini kila mmoja alipewa karatasi sita, ya rais, gavana, seneta, mwakilishi wa wanawake, mbunge na mwakilishi wa wadi. Tulihesabu hadi karibu na mapambazuko. Kilichotuokoa ni utaratibu mmoja tu, yaani msimamizi wa kituo aliinua kila karatasi juu, akaigeuza ili mawakala waione alama, akasoma jina, kisha akaiweka kwenye fungu lake. Ni kazi inayochosha mkono na kuchosha subira, na wakala mmoja alilala akiwa amekaa. Lakini matokeo yalipobandikwa mlangoni hakuna aliyeuliza yametoka wapi, kwa kuwa kila mmoja alikuwa ameyaona yakikua.

Wakala wa Zamani

Mimi nilikaa upande wa pili wa meza. Nilikuwa wakala wa chama katika uchaguzi wa tarehe 14 Desemba 2014, katika kitongoji ambacho sitakitaja, na msimamizi wa kituo alikuwa shemeji wa mgombea tuliyekuwa tunapambana naye. Tulijua, naye alijua kwamba tunajua. Asubuhi, kabla sanduku halijafungwa kwa lakiri, alilipindua mbele yetu, akaligonga chini ili tuone kwamba ni tupu, kisha akasema kwa sauti, "Mgombea fulani ameoa dada yangu. Asiyetaka nikae hapa aseme sasa, nitampigia simu msimamizi msaidizi alete mtu mwingine." Tulitazamana. Hakuna aliyesema neno.

Jioni kuhesabu kulichukua muda kuliko tulivyodhani, giza likaingia, na taa ya betri iliyokuwa ikitumika ikaanza kufifia hadi ikazimika, mafungu ya karatasi yakiwa wazi juu ya dawati. Shemeji yule hakugusa kitu. Alituamuru sote, yeye mwenyewe akiwamo, tushikane mikono kulizunguka dawati na tusiachiane mpaka tochi iletwe. Tulisimama hivyo gizani kwa muda ambao mimi niliuona kama saa nzima, watu wazima watano tumeshikana kama watoto wa chekechea, na askari aliyekuwa mlangoni anacheka. Mgombea wetu alishindwa kwa kura chache. Nilitia saini fomu ya matokeo bila kusita, na wakubwa wa chama waliponiuliza kwa nini sikuandika malalamiko, niliwajibu kwamba mkono wa yule bwana nilikuwa nimeushika mimi.

Kwa hiyo Mwalimu, jambo la kwanza, hakikisha kuna taa mbili. Kura zinafungwa saa 10 jioni na mwezi huu jua linazama baada ya saa 12. Mkiwa na karatasi nne kwa kila mpiga kura, saa mbili hazitoshi. Jambo la pili, hakikisha kila wakala anaondoka akiwa ameandika matokeo yote mwenyewe, zikiwamo kura zilizoharibika. Kuhusu kura zilizoharibika, kubalianeni asubuhi, kabla hamjajua zitamwumiza nani, kwamba alama ya vema iliyotoka kidogo nje ya kisanduku itachukuliwaje. Ugomvi mwingi niliouona haukuwa wa wizi. Ulikuwa wa vema iliyopinda.

Mama Mjumbe

Hilo la taa ni kweli tupu. Na chakula pia, Mwalimu. Mawakala wasile kwa mgombea yeyote siku hiyo, na nyinyi wa mezani msile kwa mjomba.

Mwalimu wa Kitongojini (mtoa mada), 17 Novemba 2024

Nawashukuru nyote, na nimeona ni vyema nirudi niwaeleze nilivyofanya, maana wengi huuliza humu na hawarudi.

Kwanza, Mzee Mtendaji, mjomba anagombea uenyekiti wa kitongoji. Niliandika barua kama ulivyoelekeza, na msimamizi msaidizi aliipokea kwa mshangao kidogo, akaniambia kwamba wengine wenye hali kama yangu hawakusema lolote. Nimehamishiwa kituo cha kitongoji cha ng'ambo ya mto, na mwenzangu wa pale atakuja kukaa kwetu. Mpaka leo sijapewa jibu la uhakika kama nitaruhusiwa kuvuka kwenda kupiga kura na kurudi, kwa hiyo huenda mwaka huu nisimpigie mtu yeyote, na nimekubali iwe hivyo.

Pili, tulikaa na mwenzangu huyo jioni mbili nyumbani kwangu tukapitia orodha jina kwa jina, tukamkuta Mama Mjumbe ni mkweli kuliko tulivyodhani: wanawake kumi na wanne niliwaandika mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, kwa majina ya watoto wao. Mwenzangu ameandika pembeni, kwenye daftari lake, jina la kila mmoja lililo katika kitambulisho, na tumewaonyesha mawakala walioteuliwa wa vyama vyote ili lisije likaonekana ni jambo la siri siku hiyo. Taa mbili zimepatikana, moja ya shule na moja ya kuazima msikitini.

Mjomba nilimwendea mwenyewe nikamweleza, kwa sababu sikutaka aisikie habari hiyo kilabuni. Alinisikiliza hadi mwisho, akanyamaza, kisha akaniuliza swali moja tu, kwamba kama mimi nitakuwa ng'ambo ya mto, bibi atapelekwa kituoni na nani. Nikamjibu kwamba nimefikiria binti yake mkubwa, ambaye ana miaka ishirini na anasoma vizuri, na kwamba masharti hayamkatazi.

Bibi, ambaye ndiye mama mzazi wa mjomba, alikuwa amekaa barazani anachambua mchele na tulidhani hasikii. Akasema kwamba binti huyo ataona alama inawekwa wapi, na jioni hiyo hiyo baba yake atakuwa ameambiwa. Ameshamchagua jirani yake wa upande wa kisimani, mwanamke wa Kilutheri ambaye wamekopeshana chumvi kwa miaka arobaini, na ambaye, kwa maneno ya bibi, hajawahi kutoa siri hata ya nani alikula kuku wa mwenzake.